Joka Linalokohoa

Shosti, nimejifungia bafuni kwa hasira. Kaka yangu leo kanichefua!

Kanipokonya kitabu mkononi! Kile cha joka, ninachomsomea mama tangu macho yake yafifie. Eti, "Pumzika, siku hizi vitabu vinasikilizwa." Kaweka simu mezani, msomaji mwenye sauti ya redio akaanza kutiririka. Kaka anachekelea utadhani kamjengea mama nyumba.

Mama kasikiliza weee, kisha kauliza, "Mbona joka la huyu halikohoi?"

Kaka kacheka! Kacheka, shosti! "Mama, joka linatema moto, likohoe lina kifua?"

Wewe unajua. Joka langu nalikohoza kama marehemu baba, kile kikohozi kirefu kinachoishia na kuguna. Mama hukisubiri kila sura. Hata wewe, jirani tu, ulikuwa unakisikia ukutani baba alipokuwa hai.

Nikamwambia kaka, "Sikiliza," nikakohoa. Mama akafumba macho, akatabasamu.

Kaka akaniuliza, "Una mafua?"

Mafua! Baba kakohoa hivyo mpaka anakata roho, na mwanawe wa kiume hakijui kikohozi chake. Angekijulia wapi, na siku zote zile hakukanyaga humu ndani?