Mla Majani wa Tendaguru

Kitomanga, Mfungo Nane 1328

Kwa dada yangu mpenzi Mastura, Kilwa Kivinje.

Shikamoo dada. Mimi mdogo wako ni mzima, homa imenitoka juzi. Je, magoti yako yamepoa? Na yule mbuzi mweupe amezaa?

Dada, mwanangu Dadi si mtu mdogo tena. Kule Tendaguru, Wazungu Wadachi wanakochimbua mifupa mikubwa ya mnyama wa kale, yeye ndiye anayeifunga kwa udongo na mianzi kabla wapagazi hawajaibeba hadi Lindi. Mfupa wa paja peke yake unamzidi kimo! Mzungu akimchora mnyama yule humlaza tumbo chini kama kenge. Dadi akamwambia hapana bwana, miguu hii ni nguzo, alisimama, na shingo ilifika vileleni mwa miti. Meno yake hayararui nyama, mla majani huyo. Na chuo chenyewe cha Kurani mwanangu hakumaliza!

Watu hawakusadiki. Walisema ni zimwi, lilikula watu, na anayeshika mifupa yake analiamsha. Kisimani wakaniuliza kama mwanangu hunawa kabla ya kula. Nikawajibu ananawa kuliko waume zao. Lakini Mzee Nassibu, babake Mboni, binti tuliyemposea Dadi, akairudisha posa yetu. Alisema aliwahi kuamini maneno, akaambiwa risasi zitageuka maji, akazika wana wawili. Sasa anaamini la macho tu. Dadi akaacha kula.

Basi asubuhi moja mkwaju wa nyuma ya nyumba ya Nassibu ukakutwa umenyonyolewa majani, juu kuliko mkono wa mtu. Kesho yake tena, juu zaidi. Unyayo wa tembo hakuna. Mbuzi waliofungwa shinani hawakuguswa hata mmoja. Mzee akauzunguka mti, kisha akatuma mtu kuniambia kwamba kama zimwi lipo, basi kweli linakula majani. Posa imepokelewa, ndoa ni Ijumaa ijayo.

Dada, hili usimsomee mtu. Ni mimi. Watu wakiwa kwenye swala ya alfajiri nilikwenda na mwanzi mrefu, nimefunga mundu nchani. Majani nikayabeba kwa kikapu, mbuzi wangu wakala. Nimemdanganya mtu aliyekwisha kudanganywa, na mume wangu mwenyewe alikufa kwa uongo ule ule wa maji.

Nilikusudia kumwambia Mzee ukweli. Homa ikanilaza siku tatu, jirani yangu ndiye aliyeninywesha uji. Nilipopata nguvu nikaenda. Nikaukuta mkwaju mtupu hadi kileleni, ambako mianzi miwili iliyoungwa haifiki. Chini hakuna jani hata moja. Mzee akanishukuru kwa kumlea Dadi. Dadi akaupima mti kwa macho, akacheka, akaniambia si alisema shingo ilifika vileleni.

Nikiri lipi sasa, dada? Mwanzi wangu uko darini, buibui amekwisha kuufunga nyuzi.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Njoo harusini, lakini uwahi, ukae nami. Mkorosho wangu wa dirishani, leo asubuhi, umeanza kupungua majani juu.

Ni mimi mdogo wako,
Sada, mama wa Dadi