Pampu ya Maji ya Moto

Sanyuanli, Jumanne

Na yote haya kwa sababu ya "ya" moja. Binti yangu Zuhura ameagiza pampu za hoteli moja ya Tanga, nami ndiye mfasiri wake wa bure wa Kichina. Mteja kaandika "pampu ya maji ya moto", na kiwanda cha hapa kinaanza kazi kesho.

"Maji ya kuoga au moto wa kuzima?" nikamuuliza.

"Baba, maji ya moto ni maji ya moto! Usinicheleweshe."

Kiukraina, lugha ya marehemu mke wangu, hakina fumbo hili. Pampu ya zimamoto ni "pozhezhnyi nasos": sifa hutangulia, na mwisho wake huonyesha inasifu nini. Kule Kyiv nilimtambia Halyna kwamba sisi tuna ngeli, kila "ya" na "cha" inamjua bwana wake. Ingekuwa mtambo wa maji, "wa moto" ingesifu mtambo na "ya moto" ingesifu maji. Lakini pampu na maji vyote hudai "ya". Afadhali hakuwapo kunicheka. Au si afadhali.

Nikampigia mteja mwenyewe.

"Ya kuzimia moto, mzee! Watu wa bima wamenikalia kooni. Maji ya kuoga wageni watajichemshia."

Zuhura akaketi juu ya boksi. Kontena zima la pampu za kuogea…

Nikaandika upya, "pampu ya kuzimia moto", nikamtumia mteja athibitishe.

Akajibu: "Sawa kabisa, mzee. Hiyo hiyo, pampu ya maji ya moto."