Njoroge, Nimemwambia Mama Kuhusu Zile Ndizi

Njoroge ndugu yangu,

Usiniulize habari za huku, si nzuri. Miezi minane imepita tangu tukuzike kule juu Dundori, na mimi bado nikiona kijana mrefu, mwembamba akipita hapa mjini, Rhonda, natoka kwa kibanda changu cha nguo nikamwangalie uso. Wateja wanadhani nimerukwa na akili. Waache wadhani.

Viazi vya shamba la chini vilivunwa na vibarua, maana Mama hakutaka kuvigusa. Bendera aliyopewa na wakubwa wako wa jeshi ameifungia kwa sanduku pamoja na simu yako. Na kanisani hakanyagi. Mama yetu, Njoroge! Yule wa kutugongea sufuria masikioni kila Jumapili tuamke! Pasta amekuja mara tatu, akapewa chai, akaambiwa maneno yale yale: "Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, akanikatalia."

Sasa kuna jambo hukulijua, na ni mimi niliyekuficha. Wiki ile ya kuandikwa jeshi, Mama aliniita jikoni akaniambia anafunga siku mbili. Hakuwa anaomba upite. Alikuwa anaomba urudishwe. Alijua mwaka uliotangulia ulirudishwa kwa sababu ya kupungukiwa kilo, akasema, "Wacha mizani imrudishe tena, atulie hapa na ng'ombe." Akaniapisha nisikwambie.

Sikukwambia. Lakini asubuhi ile ya kupimwa nilikununulia ndizi na chupa mbili kubwa za maji, nikakusimamia nyuma ya vyoo vya uwanja mpaka ukamaliza. Ulikuwa unatembea umeshika tumbo kama mama mjamzito. Ukaniambia, "Sista, nikitapika kwa viatu vya afande, wewe ndio utaenda jela." Tulicheka hadi mlinzi akatufukuza. Kisha ukapanda mizani, na ukapita kwa nusu kilo. Nusu, Njoroge! Ulitoka mbio ukanibeba juu juu mbele ya watu wote.

Mama alipopata habari alisema, "Basi Mungu amesema." Na mimi sikumwambia neno juu ya ndizi.

Kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Nilikuona ukilia mwaka ule uliporudishwa, ndiyo. Ulikuwa umechoka kuchimba viazi vya watu, ndiyo. Lakini wacha niseme ukweli wote: nilitaka na mimi niitwe dada ya mwanajeshi. Nilitaka hapa sokoni waniheshimu kidogo. Aki, nilitaka hivyo.

Ulinipigia mara ya mwisho ukiwa ng'ambo ya mpaka, ukasema huko ni jua na vumbi tu, na nisimwambie mathe umekonda tena. Siku nne baadaye gari lenu likakanyaga bomu. Tangu siku hiyo Mama anamkasirikia Mungu, na mimi niko hapo karibu naye, nasonga ugali, najua kabisa si Mungu aliyekushindilia zile ndizi.

Jumamosi iliyopita nilishindwa. Tulikuwa tunachagua mbegu za viazi nje ya stoo, yeye upande mmoja wa gunia, mimi upande mwingine. Nikamwambia yote: ndizi, maji, vyoo, nusu kilo. Nilitarajia anizabe kofi. Afadhali angenizaba. Aliendelea kuchagua kwa muda, kisha akauliza, "Alikula ngapi?"

Nikasema kumi na moja.

Akajipangusa mikono kwa leso, akaingia ndani, akatia komeo mchana kweupe. Nikabisha, nikaita, nikalia mbele ya kuku. Jioni nikaacha mbegu kwa ndoo nikateremka mjini.

Halafu jana, Jumapili, jirani yetu Mama Wambui akanipigia simu akipaza sauti kwa furaha: eti Mama ameonekana kanisani! Alikaa benchi la nyuma, akapiga magoti kabla ya wengine, hata wimbo akaimba. Mama Wambui alikuwa anashukuru Mungu kwa sauti hadi nikaondoa simu sikioni. Nikamuuliza kama Mama alisema chochote kunihusu. Akapunguza sauti. Akasema alimtajia jina langu pale mlangoni, na Mama akapita kana kwamba hajasikia.

Kwa hivyo amemsamehe Mungu, Njoroge. Aliyebaki ni mimi.

Nakuomba unisamehe na wewe, maana wewe ndiye uliyelipa. Lala salama, mtoto wa mama, huko hakuna mtu wa kukupima. Na nakuahidi hivi: Jumamosi nitapanda tena Dundori. Asipofungua nitakata majani ng'ombe wapate kula, nitakaa pale nje mpaka jua lizame, kisha nirudi Jumamosi inayofuata. Hata akinyamaza mwaka mzima, siku atakayofungua lile komeo atanikuta mlangoni.

Dada yako,
Wangari