Kilichokuwa Kikinywa Betri ya Carina

Nyakabiga ya Pili,
Bujumbura.
Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa dada Mawazo,

Pokea salamu za Nyakabiga zikiwa bado na vumbi lake la kiangazi. Wewe hujambo? Shemeji Bonfils na watoto nao? Kile kikohozi cha Christa kilikwisha? Ulipotuambia kwamba huko Edmonton theluji imeyeyuka hatimaye, Mama aliinua mikono juu kama mtu aliyesikia mmefunguliwa gerezani.

Sisi tu wazima. Magoti ya Mama yanamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake hauna maumivu yoyote, Mungu ashukuriwe. Mke wangu Scholastique anakusalimu sana na anasema zile picha zako ni chache mno.

Sasa nikupe habari ya gari. Najua umeshaguna. Tangu Baba afariki umeniandikia mara tatu kwamba Carina hiyo ni mzee kuliko paroko wetu na kwamba tuiuze. Safari hii, dada, ulibakiza kidogo tu ushinde.

Shida ilianza mafuta yalipoadimika. Zamani nilikuwa naliendesha kila siku, kwenda kazini na kumpeleka Mama misa ya asubuhi. Siku hizi nikipata lita chache za petroli nazitumia kama dawa, na gari linakaa uani chini ya turubai siku nne, tano. Kila likikaa siku tatu, ukizungusha ufunguo stata inagonga mara moja na kunyamaza. Betri imekufa.

Nikailaumu betri, nikaibadilisha. Ile mpya nayo ikafa vilevile. Nikamlaumu aliyeniuzia, tena kwa maneno ambayo baadaye ilibidi nimfuate kumwomba radhi. Mwisho nikafanya wanavyofanya wengi hapa mjini: jioni nafungua waya wa betri kwa spana namba kumi, asubuhi naurudisha. Mama alinitazama wiki nzima, halafu akasema gari si mbuzi wa kufungwa na kufunguliwa kila siku.

Nikausahau waya huo mara moja tu, gari likalala siku tatu, na ndipo yakatokea ya Pentekoste. Asubuhi majirani walitusukuma, tukafika kanisani. Baada ya misa gari likagoma tena, na Mama yumo ndani na kitenge chake kipya, magoti hayamruhusu kushuka. Korali nzima ikatoka na kanzu zake ikatusukuma hadi kwenye kona, soprano nyuma, besi ubavuni, na Mungu ni shahidi wangu hawakuacha kuimba. Mimi nilikuwa nimeshika usukani machozi ya kicheko yananitoka. Mama hakucheka.

“Mi siwezi kusukumwa tena na korali,” alisema tulipofika nyumbani. “Hii gari inanipatisha haya.”

Jioni ileile akampigia simu Honoré, yule mnunuzi wa magari makuukuu wa kule Quartier Industriel, ambaye siku nyingi anaitamani injini yetu aifunge kwenye mashine ya kusaga unga. Nami nikapewa wiki mbili. Gari lilale siku tatu bila kufunguliwa waya, na Jumapili ya leo liwashwe. Likiwaka lenyewe, linabaki. Lisipowaka, Honoré analikokota leo leo.

Dada, niliumia kweli. Katika gari lile Baba alinifundisha kuendesha, na ndilo lililokupeleka uwanja wa ndege ukiwa na masanduku mawili na kilio. Nikalifikiria likikatwakatwa, injini yake ikisaga mihogo ya watu, nikasema hapana, kwanza nijaribu.

Alhamisi nikamleta Sephora, fundi wa umeme wa magari aliyekimbilia huku kutoka Uvira. Ni mama wa makamo, hana haraka, na hapendi mtu amwambie gari lina nini kabla hajalitazama mwenyewe. Hakuja na mashine za ajabu. Alikuja na balbu moja ndogo yenye nyaya mbili. Akafunga milango yote, ufunguo akautia mfukoni mwake, akang’oa waya wa hasi wa betri, kisha balbu yake akaiweka katikati, upande mmoja ukigusa betri na mwingine ukigusa waya ule. Alinieleza kwamba gari likiwa limelala kweli, balbu haiwaki. Ikawaka, nyekundu, hafifu.

“Unaona, Akili?” akaniambia. “Gari imelala, lakini kuko mutu anakesha ndani.”

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja, kila mara akiitazama balbu. Ya redio, bado inawaka. Ya honi, bado. Ya taa za ndani, bado. Zilipokwisha zote mimi nilikuwa nimekata tamaa, yeye ndiyo kwanza anafurahi. Alisema sasa anajua kwamba kuna waya uliopitishwa na mtu, usiopita kwenye fyuzi hata moja. Akainama chini ya boneti, akapapasa, akauvuta waya mwekundu mwembamba uliofungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli.

Hapo nilijua. Nani nyumbani kwetu alikuwa akifunga kila kitu kwa mpira wa baiskeli? Mpini wa jembe, antena ya redio, hata miwani yako ya shule. Nikakumbuka kwamba Baba alijiwekea taa ndogo ndani ya kile kijisanduku cha dashibodi, mbele ya abiria, ili akisimamishwa na polisi gizani asihangaike kutafuta karatasi za gari. Kifuniko kikifunguliwa taa inawaka. Kikifungwa kinabonyeza swichi ndogo, taa inazima.

Ila kilikuwa hakifungiki sawasawa. Baada ya mazishi Mama aliweka humo Biblia yake kubwa ya jalada gumu, gari lipate ulinzi. Kifuniko kilishika, lakini Biblia ilikisukuma kidogo, unene wa ukucha tu, na swichi haikubonyezwa. Mchana huwezi kuona, na usiku kuna turubai. Nilipokuwa naendesha kila siku, injini ilirudisha kwenye betri kile kilichonywewa na taa. Gari lilipoanza kulala siku nyingi, taa ikashinda. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikuwa kimekalia Agano la Kale.

Nilipoitoa Biblia, jalada lake lilikuwa na joto. Sephora akabonyeza swichi kwa kidole, na ile balbu kule kwenye betri ikazima.

Akashauri tuukate ule waya, mambo yaishe. Nilikuwa nimeshika koleo tayari Mama alipotoka na chai ya fundi, akaiona Biblia yake juu ya boneti. Nani anamwambia Mama kwamba Biblia ndiyo inaua betri? Sephora akamwambia, bila kupepesa.

Mama akaweka sinia chini. “Iko inawaka tangu siku gani?”

“Tangu uweke Biblia, mama.”

“Na usiku yote?”

“Usiku yote.”

Akakaa kwenye kiti cha mbele, akaitazama ile taa ya Baba. Kisha akaniambia: “Basi apana kata. Mi nitatafuta kitabu kidogo.” Sasa humo kuna kijitabu chake cha sala za novena, chembamba kama chapati, na kifuniko kinafunga vizuri.

Leo asubuhi Honoré alifika mapema na kamba yake. Mama alikuwa amekwisha kuketi mbele na mkoba magotini, kama hakimu. Nilizungusha ufunguo, likawaka mara moja, hata sijamaliza ishara ya msalaba. Honoré alipewa chai na pole, akakunja kamba. Baada ya misa korali walikuwa wanatungoja nje, wengine wamekwisha kukunja mikono ya kanzu, tukawapita tukiwapungia. Mama alicheka, dada. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge.

Anasema ukija, gari hili ndilo litakalokupokea uwanja wa ndege, na hakuna atakayesukuma.

Jambo moja tu sijamwambia mtu. Tangu Alhamisi, kila jioni kabla sijatandaza turubai, Mama anakwenda kwenye gari peke yake, anafungua kile kijisanduku, taa inawaka, anakaa nayo kidogo, kisha anakifunga taratibu kwa mikono miwili. Jana nilimuuliza anafanya nini. Akasema anapima betri.

Msalimie sana shemeji Bonfils, umbusu Christa na nduguze. Scholastique na Mama wanawakumbatia. Mungu awalinde huko ugenini, na kila asubuhi yenu iwake bila kusukumwa.

Ndimi mdogo wako akupendaye daima,
Akilimali