Difu ya Safari ya Gwassi

Nyansiongo
11 Juni 2023

Kwa Mama Linda, mke wa mwanangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Huku tu wazima wote isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limeamua kuzeeka kabla ya mwenzake. Chai inachumwa na mvua haijatunyima. Linda anaendeleaje na kile kikohozi? Mpe asali, hizo dawa za dukani mzipunguze.

Simu ninayo, lakini simu inataka sauti, nawe unazijua chinsoni zetu, hizo haya za ukweni. Mkwe na mkwe wana maneno yasiyopita mdomoni. Ndiyo maana nimempa Nyanchoka barua hii aje nayo akileta maziwa Kisii.

Jambo lenyewe ni pikapu yangu, Datsun. Imenitumikia tangu mumeo Mokua hajazaliwa, na kwa milima sina ugomvi nayo. Lakini ikishika lami inalia tu, mwendo haiongezi, na hata lori la mbolea linanipita. Nasikia pale karakana unapofanya kazi mnaweza kufungua difu, yale meno yanayozungusha magurudumu ya nyuma, na kuweka meno mengine ili gari likimbie zaidi. Mwezi wa nane nina safari ndefu ya heshima, sehemu kubwa ni lami. Tutakuwa watu watatu. Nikifika nimechelewa itakuwa aibu kwangu. Mokua atakuletea gari Jumapili.

Msalimie mtoto.

Mimi,
Baba Mokua


Kiogoro
3 Julai 2023

Kwa Tatabiara,

Pokea salamu zetu kwa heshima, baba mkwe wangu. Kikohozi cha Linda kimeisha, ingawa asali ilimalizwa na baba yake. Mama anaendeleaje? Na goti?

Gari lako liko tayari. Nimetoa difu ya zamani na kuweka ya gari dogo la familia, la kampuni hiyohiyo. Acha nikueleze ili lisikushangaze. Kwa difu ya zamani, injini ilizunguka sana ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Hiyo ndiyo nguvu uliyokuwa nayo mlimani, na ndizo kelele ulizokuwa nazo kwenye lami. Kwa hii mpya injini inatulia na gari linakimbia, ila mlimani limepungukiwa. Kwa watu watatu na mabegi ya makambi ya kanisa halitakusumbua. Nadhani ni makambi unayoyaendea, maana ni ya mwezi huohuo. Kama kuna mzigo mwingine, tafadhali niambie kabla hujaondoka.

Nilitamani tulijaribu pamoja. Lakini Datsun ina kiti kimoja kirefu tu, na mimi na wewe hatuwezi kubanana humo bega kwa bega Kisii nzima ikitutazama. Nimelijaribu peke yangu hadi Keroka, likiwa tupu. Limekwenda vizuri sana, mpaka nikaona fahari kidogo.

Difu ya zamani sijaitupa. Nimeipaka grisi nikaifunga kwa gunia, iko chini ya benchi langu la kazi.

Mama Linda


Kiogoro
27 Agosti 2023

Kwa Tatabiara,

Natumaini mmeamka salama. Sisi tunaamka.

Mama yangu amenipigia simu kutoka kwetu Gwassi, na ndipo nikajua safari haikuwa ya makambi. Ulikuwa unapeleka ng'ombe wa mahari yangu. Mokua nimemuuliza, akasema ulimkataza kuniambia. Miaka yote hii nimeishi kwenu bila hata mbuzi kufika kwa baba yangu, na siku ng'ombe wanapotoka, mimi niko hapa nawatengenezea gari lisiloweza kuwabeba.

Mama ameniambia yote. Kwamba Datsun ilifika hadi chini ya ule mlima wetu kabla ya saa sita, na watu wakasifu. Kwamba katikati ya mlima iliishiwa nguvu, ikaanza kurudi nyuma, na Mokua akaunguza klachi akijaribu kuinasua. Kwamba yule mtamba mwekundu aliruka ukingo akavunjika mguu, akachinjwa palepale kando ya barabara. Kwamba mwenzake aliswagwa kwa miguu, nawe ukatembea nyuma yake umebeba koti mkononi, na soko zima limesimama kuangalia. Baba yangu mzee Obura alikuwa amevaa na kuketi tangu asubuhi. Mlifika jua likizama.

Hiyo ni kazi ya mikono hii. Tangu nisikie sijaweza kumtazama mteja machoni. Mlima ule naujua tangu nikibeba maji kichwani. Ungeniuliza ningekwambia.

Kuna lingine. Mama anasema baba zangu wadogo walipouliza ni nani aliyetengeneza gari hilo, ulijibu kwamba ni fundi fulani tu wa Kisii. Hilo limeniuma kuliko ng'ombe.

Mama Linda


Kiogoro
8 Oktoba 2023

Kwa Tatabiara,

Salamu. Mama hajambo? Chai je?

Nimengoja jibu sikuliona. Nilidhani Nyanchoka amepoteza barua, lakini anasema alikupa mkononi na ulisoma umesimama. Mokua ananiambia Datsun imeegeshwa nyuma ya zizi na kuku wanataga kwenye kiti. Anasema pia kwamba kanisani siku hizi unaingia wimbo ukiwa umeshaanza na kutoka kabla ya sala ya mwisho.

Kama una hasira nami, niambie. Nimezoea kugombezwa na wenye magari. Kunyamaziwa sijazoea.

Mama Linda


Nyansiongo
19 Novemba 2023

Kwa Mama Linda,

Nakusalimu, na samahani kwa kuchelewa. Mama hajambo, ananuna tu. Anasema nimekuwa mtu wa kukaa na kuku.

Hasira sina hata kidogo. Nina aibu, na mtu mwenye aibu kalamu inamshinda.

Ulipouliza kuhusu mzigo, nilisoma swali lako nikakunja barua, nikafungua nikasoma tena. Nilitaka kukujibu. Lakini ningesema nini? Mwanamke nimekaa naye nyumbani kwangu amenizalia mjukuu, na sijamlipia, halafu nimwambie, mama, nitengenezee gari la kukubebea mahari yako mwenyewe? Kwetu hata ng'ombe wa binti yako mwenyewe huwataji mbele yake, sembuse wa mke wa mwanao. Nikaona heri udhani ni makambi. Nilifikiri nikinyamaza nitakuwa nimekuheshimu. Na ule mlima sikujua upo, kwa sababu sikuwahi kufika kwenu. Hiyo nayo ni aibu, iandike pamoja na zile nyingine.

Sasa kuhusu fundi fulani. Baba zako wadogo walikuwa wameanza kucheka. Mmoja alisema aliyefunga gari hili alitaka mahari isifike. Sikutaka wakucheke wewe siku ya ng'ombe wako, kwa hiyo nikasema ni fundi fulani. Nilidhani nakufunika. Kisha nikamwona baba yako ananitazama, wala hacheki. Alijua kazi unayofanya na alijua ni wewe. Nilikukana mbele ya mzazi wako, na sikujua nimefanya hivyo mpaka maneno yalipokwisha kutoka. Ni hilo linalonitoa kanisani mapema.

Difu ile ya zamani kama bado ipo, ilete siku utakayopata nafasi. Mtamba mwingine ninaye, wa madoadoa, amekua vizuri. Ila mlima ule mimi siutamani tena. Labda Mokua na msemaji wetu, mzee Nyasani, waende bila mimi.

Baba Mokua


Kiogoro
17 Desemba 2023

Kwa Tatabiara,

Tulifika salama jana kutoka kwenu, na maparachichi hayakupondeka. Mwambie Mama kwamba Linda bado anamuulizia yule paka.

Nimeona nikuandikie kwa sababu wakati wa kuagana ulikimbilia zizini. Sikuwahi kurudisha difu ya zamani kwa namna ile. Mimi niko chini ya gari na ovaroli langu, nimelala chali, na wewe umeketi kwenye kigoda kando ya gurudumu umenipa mgongo, unapitisha spana nyuma bila kugeuka. Niliomba namba kumi na nne ukanipa kumi na saba, nikanyamaza nikajitafutia mwenyewe. Mafuta ya difu yalipokumwagikia kiatuni hukugeuka vilevile. Lakini tulizungumza alasiri moja kuliko tangu niolewe. Sikujua kama ulitaka kuwa dereva wa mabasi.

Usiyasahau niliyokwambia ukitazama shamba lako la chai. Ukiliona lile kanisa la bati chini ya mlima wetu, gia ya kwanza iingizwe hapohapo, usingoje gari lichoke. Litalia, liache lilie. Na hii safari si ya kubahatisha, maana klachi imebadilishwa na tumelijaribu likiwa na mzigo. Nimewahi kuendesha magunia ya mahindi, lakini magunia yenye mkwe juu yake, ameshika kofia na kugonga paa kila ninapokata kona, ilikuwa mara ya kwanza. Jirani zako watakuwa na la kusimulia hadi Pasaka.

Lami utakwenda polepole, na malori yatakupita. Ondoka mapema.

Lakini uende wewe mwenyewe. Mokua ni mtoto mbele ya wazee, na mzee Nyasani ni msemaji tu. Baba yangu anamngoja mtu aliyeondoka akiinamisha kichwa. Usipokwenda, mimi nitabaki kuwa mke wa ng'ombe mmoja.

Mama Linda


Nyansiongo
22 Januari 2024

Kwa Benter,

Nakusalimu, na goti langu linakusalimu, maana limeketi safari nzima bila kulalamika. Baba yako na mama yako hawajambo. Mama yako amekutumia samaki, nimempa Nyanchoka, wapokee kabla hawajanuka.

Tuliondoka kabla ya kuku na malori yote ya Rongo yakatupita. Kwenye kanisa la bati nilimwambia Mokua, kwanza, na Datsun ikalia ile sauti yake ya zamani. Soko likasimama tena kutuangalia. Sitakudanganya, nilitazama miguu yangu njia nzima ya kupanda, mpaka nikasikia gari limenyamaza na mtamba analia, nikajua tumefika uani.

Baba yako mdogo, yule mcheshi, alizunguka gari akauliza, leo je, ni fundi gani? Nikasimama nikasema kwamba ni Benter, mke wa mwanangu, na kwamba hata siku ile ilikuwa kazi yake, na kosa lilikuwa langu kwa kumficha mzigo. Hakuna aliyecheka. Nilitamani wangecheka. Kisha baba yako akauvuta mkono wangu, akasema kwa Kiswahili ili nisikie vizuri: "Mpaka leo nilikuwa nahesabu kwamba amekuja kwenu kutembea tu. Sasa ni wenu."

Nilikunywa chai yangu yote ikiwa moto.

Njoo Jumapili na spana zako. Pale nyuma kwenye difu kuna tone linavuja, si kubwa, ila nisingependa mtu mwingine aliguse. Kigoda kiko palepale. Safari hii nitakigeuza kidogo.

Tata