Treni ya Tarquinia

Civitavecchia, Jumatano

Mpwa wangu Ornella,

Hapa bandarini hakuna meli inayofunga kamba kabla nahodha hajauliza kama mjomba wako ameshakunywa kahawa. Ndiyo maana safari yetu ya jana niliipanga mwenyewe, bila basi la meli yako ya watalii: treni ya saa mbili na robo hadi Tarquinia, maua kaburini kwa mama yako, tule, turudi saa tisa, maana meli haimngoji mtu.

Juzi nilitangulia kwenda kulisafisha kaburi. Nikakuta jina la mtu mwingine.

"Miaka ya kukodi kaburi iliisha, mzee," mlinzi akaniambia. "Mifupa imehamishiwa shimo la pamoja. Kwani barua hamkupata?"

Niliipata. Niliikunja bila kuisoma nikaiweka chini ya meza inayoyumba. Na kila Jumapili nilikuambia nimempelekea dada yangu maua.

Jana ulisimama kwenye lango la stesheni saa nzima na maua yako, umesimama kama mama yako kabisa. Sikuwa mgonjwa kama nilivyokutumia ujumbe, mwanangu. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kibanda cha tiketi, muuzaji akinicheka, "Settimio, leo unamkimbia mke wa nani?", nami nakula mkate niliokuletea.

Mjomba wako,
Settimio