Mpaka Mwezi wa Sita Utimie

Kwako Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mguu umepata nafuu hata unaweza tena kuwafukuza kuku wa jirani. Mimi nipo, ila sitasema mzima, maana leo nimekaa nikuandikie ya kweli.

Nilipoanza kazi hapa kiwandani, chumba cha kupiga pasi mashati, karani alitusomea masharti: mfanyakazi mgeni akiugua kabla ya kutimiza michango ya miezi sita, halipwi mafao ya ugonjwa, na anaweza kuachishwa kazi. Tulicheka. Nani augue na miaka kumi na tisa?

Mwezi wangu wa nne kazini nikaanza kukohoa. Jioni homa, asubuhi shuka limelowa jasho. Sikwenda hospitali, kwani ningeleta cheti cha daktari tu, kibarua kingeota nyasi. Nikajifunza kubana kikohozi mpaka pasi ya mvuke ifoke, ndipo nikohoe. Msimamizi akanisifu kwamba sina domo.

Mwezi wa tano akaja binti yako, Kasuku wetu asiyeisha maneno, nikamwombea kazi meza ya vifungo. Ulifurahi sana. Tulilala kitanda kimoja, dirisha tumelifunga kwa sababu ya vumbi la barabarani.

Miezi sita ilipotimia nilikwenda hospitali nimevaa nguo zangu nzuri, nikijiona mshindi. Daktari akasema ni kifua kikuu, akauliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Nikamjibu nilikuwa kazini. Karani alikagua michango yangu, akagonga muhuri, nikapata mafao, na dawa nakunywa kila siku.

Lakini daktari aliuliza pia naishi na nani. Shangazi, nilisema naishi peke yangu.

Kasuku alikuwa ameshaanza kukohoa, na kabla sijaenda hospitali alinishika miguu nisimtaje. Ana miezi miwili tu kazini. Anasema kama mimi niliweza, naye ataweza. Nimemwambia nilikosea, nimelia mbele yake, wapi! Ameapa kwamba nikimtaja atahama chumba na sitajua alipo, nami naamini atafanya hivyo. Ugonjwa nimempa mimi, na ujanja wa kuuficha nimemfundisha mimi. Sketi aliyokuja nayo sasa anaibana kwa pini mbili. Maneno yote yale yameisha, ananijibu kwa kichwa tu, maana akifungua mdomo kikohozi kinamshika.

Sikuombi msamaha, sina uso wa kuuomba. Nakuomba uje. Mimi hanisikii tena, wewe bado anakuogopa. Usimtumie salamu kwanza, wala usimpigie simu, ingia tu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, ila barua hii usiwasomee. Leo asubuhi alikaa kitandani muda mrefu akivaa kiatu kimoja, kisha akaenda kazini. Amebakiza miezi minne, Shangazi, na mimi sioni kama anayo.

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
uliyenikabidhi mwanao.